Hopsi Hutiwa Saa Ngapi?

Twende jikoni moja kwa moja. Chukua hopsi kiasi cha mkono mmoja, tuseme gramu 28. Ukizitia kwenye sufuria mwanzo wa mchemko, bia yako itakuwa chungu na haitanukia. Ukingoja bia ipoe na kuchacha, ndipo ukazitia, itanukia maganda ya chungwa na uchungu utakuwa mdogo. Hopsi ni zile zile, za shamba lile lile, za pakiti ile ile. Ulichobadilisha ni saa ya kuzitia. Habari ya saa hiyo ndiyo iliyonileta kwenye kipaza sauti leo.

Nazungumza kutoka Portland, jimbo la Oregon, Marekani, ambako nimekuwa nikipika bia ya nyumbani kwa miaka kadhaa. Wapo mnaonisikiliza ambao pombe haivuki mlango wenu, kwa dini au kwa uamuzi, na ninawaheshimu. Simshawishi mtu anywe. Nitakayosema ni habari ya upishi, na mpishi yeyote anayejua kwamba dania hutiwa mwishoni na kitunguu hutangulia atanielewa.

Kwanza hopsi zenyewe. Ni maua ya mmea unaotambaa juu ya kamba, wa ukoo mmoja na bangi, ingawa hauleweshi kama bangi. Mmea wa kike ndio unaotafutwa. Ua lake ni kama koni ndogo ya msonobari, ya kijani na laini, na ukiipasua unaona unga wa njano unaonata vidoleni. Unga huo huitwa lupulini, na uchungu na harufu vyote vimo humo. Kutoka hapa Portland ni mwendo wa saa tatu kwa gari hadi bonde la Yakima, jimbo la Washington, kunakolimwa karibu robo tatu ya hopsi zote za Marekani. Mwishoni mwa Agosti ukipita huko unaona kamba zimesimama zaidi ya mita tano, zimefunikwa kijani toka chini hadi juu, na barabara nzima inanukia. Mmea huu unataka siku ndefu za kiangazi, ndiyo maana hustawi mbali na ikweta, na ndiyo maana viwanda vya bia vya kwetu Tanzania huagiza hopsi kutoka ng'ambo.

Nimekulia Marangu, na pombe yetu ya mbege haina hopsi. Ina msesewe. Wachaga huchemsha ndizi mbivu, wakaziacha zichache, wakachanganya na uji wa kimea cha ulezi, na magome ya mti wa msesewe ndiyo yanayoleta uchungu wa kukata utamu ule. Mama mkubwa wangu alikuwa mpishi wa mbege aliyeitwa kwenye harusi na matanga. Nilikuwa mtoto wa kumbebea kuni na maji, nikimtazama. Alitia msesewe kidogo, akaonja, akanyamaza, akaongeza, akaonja tena. Sikumwona hata siku moja akiumwaga wote kwa mkupuo.

Ulaya nako walipika muda mrefu bila hopsi. Uingereza, neno eli lilikuwa la pombe isiyo na hopsi, na katika karne ya 15 ua hili likavuka bahari kutoka nchi tunazoziita leo Uholanzi na Ubelgiji. Ujerumani, katika karne ya 12, mtawa Hildegard wa Bingen alikuwa ameshaandika kwamba hopsi huzuia kinywaji kisioze. Alikuwa sahihi: asidi zilizomo katika ua hili huwazuia baadhi ya wadudu wanaoiharibu pombe. Kwa hiyo hopsi zilipendwa kwanza kama kinga. Ladha tuliizoea baadaye, tukaipenda hivi kwamba leo eli isiyo na hopsi ndiyo inayoonekana ngeni.

Kupika nyumbani kuliruhusiwa Uingereza bila leseni mwaka 1963. Hapa Marekani ilibidi kungoja Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria inayomruhusu mtu mzima kupika galoni 100 kwa mwaka, yaani karibu lita 380, kwa matumizi ya nyumbani, bila kuuza. Nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi inaruhusiwa galoni 200. Mississippi na Alabama walikuwa wa mwisho kukubali, mwaka 2013. Kutoka majiko hayo ya nyumbani walitoka watu kama Ken Grossman, ambaye mwaka 1980 alianza kupika Sierra Nevada Pale Ale mjini Chico, California, kwa hopsi za Cascade zilizozalishwa na watafiti wa hapa hapa Oregon na kutolewa kwa wakulima mwaka 1972. Ladha ya balungi ambayo leo watu wanaihusisha na eli ya Kimarekani ilienezwa kwa sehemu kubwa na bia ile.

Sasa sufuria. Kimea cha shayiri kimekaa kwenye maji ya nyuzi 66 kwa saa moja, wanga umegeuka sukari, tumechuja machicha, na tumepata maji matamu ya rangi ya chai. Mimi nayaita togwa, maana ndivyo yalivyo: maji ya kimea ambayo bado hayajachacha. Togwa hiyo tunaichemsha saa nzima.

Ndani ya lupulini kuna asidi alfa. Zikiwa kama zilivyotoka shambani haziyeyuki vizuri wala si chungu sana. Mchemko huzipanga upya, umbo lake likabadilika, ndipo zinayeyuka na kuwa chungu. Kazi hiyo inahitaji moto na muda. Glenn Tinseth, Mmarekani aliyejishughulisha sana na hopsi, alitupa hesabu ambayo wapishi wa nyumbani tunaitumia hadi leo. Kwa togwa ya utamu wa kawaida, hopsi zilizochemka dakika 60 hutoa karibu asilimia 23 ya uchungu uliomo. Zilizochemka dakika 15 hutoa asilimia 11. Zilizochemka dakika 5 hazifikishi hata asilimia 5. Kwa hiyo zile gramu 28, zikiwa na asidi alfa asilimia 12, ukizitia mwanzo wa mchemko katika lita 20, utapata miligramu 39 hivi za uchungu kwa kila lita. Lager nyingi za kawaida hazifiki 20. Ukizitia zikiwa zimebaki dakika 5, hupati hata 8.

Harufu nayo ina mwenendo wake. Inatoka kwenye mafuta mepesi: mirsini, ambayo imo pia katika embe na mchaichai, linaloli, ambayo imo katika rehani, geranioli, ambayo imo katika waridi. Mafuta hayo hayavumilii mvuke. Unapochemsha hopsi na nyumba nzima ikanukia vizuri, majirani wakakupongeza, ujue harufu hiyo ndiyo iliyoikimbia bia. Hapo ndipo penye mgogoro wote wa ufundi huu. Uchungu unataka moto, harufu inaukimbia, na ua ni moja.

Watu wamejaribu njia nyingi za kuupatanisha mgogoro huo. Iliyonivutia kwanza ni ya Sam Calagione, mwanzilishi wa Dogfish Head huko Delaware. Alimwona mpishi kwenye televisheni akitia pilipili manga kwenye supu kidogo kidogo muda wote inapochemka, akajiuliza kwa nini hopsi zisitiwe vivyo hivyo. Alitafuta mchezo wa mezani wa mpira wa Kimarekani, ule ambao uwanja wake hutetema kwa umeme, akauinamisha juu ya sufuria, hopsi zikawa zinadondoka moja moja kwa dakika 90. Bia iliyotokana na wazo hilo, 90 Minute IPA, ilitoka mwaka 2001, na bado inauzwa.

Nami nilijaribu, kwa kijiko na saa ya ukutani: gramu moja kila dakika, dakika 60. Mkono ulichoka. Hesabu ya Tinseth inasema kwamba ukigawa sawasawa hivyo, wastani wa uchungu unaopata ni karibu asilimia 16 badala ya 23, kwa hiyo umepoteza theluthi moja ya uchungu. Je, umepata nini badala yake? Niliipika tena bia ile ile kwa njia ya kawaida, fungu moja mwanzoni na fungu moja dakika 10 za mwisho, nikapima uchungu ulingane, nikawapa marafiki bila kuwaambia ipi ni ipi. Hawakuzitofautisha. Wala mimi sikuzitofautisha. Namheshimu Calagione kwa ubunifu wake, na bia yake ni nzuri, lakini jikoni kwangu dakika 60 za kusimama juu ya mvuke hazikuniletea ladha yoyote ya ziada.

Wapo wanaotia hopsi togwa inapoanza kuingia kwenye sufuria, kabla haijachemka. Ni desturi ya zamani ya Wajerumani iliyofufuliwa miaka ya 1990, na wanaoipenda husema uchungu wake ni laini. Wapo wanaozichanganya na kimea tangu mwanzo kabisa. Hiyo ya pili sijaona faida yake.

Njia ninayoitumia mara nyingi ni ya kutia baada ya kuzima moto. Jambo moja hapa limewaponza wapishi wengi wa nyumbani, nami nikiwa mmojawao kwa miaka. Ukizima moto, sufuria haijapoa. Lita 20 za togwa zinaweza kukaa juu ya nyuzi 90 kwa muda mrefu, na muda wote huo hopsi ulizodhani umetia kwa ajili ya harufu zinaendelea kutoa uchungu. Unaonja baada ya wiki tatu, unajiuliza uchungu huu umetoka wapi wakati hesabu ilikuwa sawa. Hesabu ilihesabu dakika za moto, haikuhesabu dakika za kupoa. Dawa yake ni kutumbukiza koili ya shaba yenye maji baridi, ushushe togwa hadi nyuzi 77 au 78, ndipo utie hopsi, ukoroge, uziache dakika 20. Chini ya nyuzi 80 kule kujipanga upya kwa asidi alfa kunakwenda polepole sana, na mafuta hayabebwi na mvuke kama yanavyobebwa kwenye mchemko. Ningeambiwa nichague njia moja tu maisha yangu yote, ningechagua hii.

Tuje kwenye kutia baridi, yaani kutia hopsi kwenye bia yenyewe, hamira ikiwa kazini au imeshamaliza. Mabaharia wa Kiingereza waliokuwa wakipeleka eli India walibeba mapipa yaliyotiwa hopsi kavu ndani, kwa hiyo wazo si jipya. Kilicho kipya ni wingi. Siku hizi utakuta mtu anatia gramu 15, gramu 20 kwa kila lita, akiamini kwamba zikizidi ndivyo bia itakavyonukia zaidi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, katika maabara ya Thomas Shellhammer, walilipima jambo hili kwa hopsi za Cascade na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Walipopita gramu 8 kwa lita, harufu haikuongezeka kwa kadiri ya hopsi walizoongeza, na tabia yake ilianza kuhama kutoka machungwa kwenda majani na chai. Tena chuo hicho hicho kilikuwa kimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya harufu hutoka ndani ya siku moja hopsi zikikorogwa. Sisi tulikuwa tunaziacha wiki mbili.

Niliposoma hayo nilitaka kuyaonja mwenyewe. Nilipika eli moja nyepesi, ikachacha kwa nyuzi 19 hadi ikatulia, nikaigawa kwenye madumu manne ya lita nne nne. La kwanza sikutia kitu. La pili nilitia gramu 4 kwa lita, la tatu 8, la nne 16. Siku mbili baridi, nikachuja, nikaweka gesi. Kisha nikafanya kama wanavyofanya maabara: glasi tatu mbele ya mnywaji, mbili za dumu moja, ya tatu ya dumu jingine, naye aseme ipi si ya wenzake. Anayebahatisha atapata mara moja kati ya tatu, kwa hiyo usifurahie jibu moja, rudia. Dumu lisilo na hopsi na lile la gramu 4, hakuna aliyekosea. Kati ya gramu 8 na 16, watu walisitasita, wakabahatisha, na waliopatia hawakuisifu ile ya 16. Mmoja alisema ina ladha ya majani ya chai yaliyosahauliwa kwenye birika. Nilikuwa nimelipia hopsi mara mbili ili nipate chai.

Ukizitia hamira ikiwa bado inafanya kazi, kuna jambo zuri linatokea: hamira huigeuza sehemu ya geranioli ikawa kitu kingine chenye harufu ya ndimu. Pia inakula hewa ya oksijeni inayoingia pamoja na hopsi, na oksijeni ndiyo adui mkubwa wa bia ya aina hii. Ikiingia, rangi inageuka kahawia na ladha inakuwa ya karatasi. Lakini gesi inayotoka inabeba harufu nyingine ikaenda nayo. Kila saa ina bei yake.

Na kuna hatari moja ambayo lazima niiseme wazi. Hopsi zina vimeng'enya vinavyokatakata wanga uliobaki kwenye bia ukawa sukari, na hamira ikiona sukari inaamka. Brown na Morris, wanakemia wa Kiingereza, walilieleza jambo hili mwaka 1893, kisha likasahauliwa kwa muda mrefu. Mwaka mmoja nilitia hopsi nyingi kwenye bia niliyodhani imemaliza, nikaijaza kwenye chupa siku ya pili yake. Baada ya wiki mbili chupa tatu zilipasuka usiku ndani ya kabati. Vipande vya kioo vilichoma mlango wa mbao. Angekuwepo mtoto karibu, nisingekuwa nasimulia kwa sauti hii. Kwa hiyo baada ya kutia hopsi baridi, pima sukari kwa kipimo chake siku tatu mfululizo, na usijaze chupa mpaka namba imesimama palepale. Chupa ziwe za kahawia, kwa sababu mwanga huvunja asidi zile chungu zikatoa harufu mbaya ya kicheche. Na machicha ya hopsi usiyamwage uani ukiwa na mbwa. Hopsi zinaweza kumpandisha mbwa joto la mwili hadi kumuua.

Nikiulizwa na anayeanza, namwambia jambo moja: badilisha kitu kimoja tu kwa kila upishi. Wengi wanabadilisha aina ya hopsi, saa, kipimo na hamira kwa pamoja, kisha wanasema wamegundua. Hawajui waligundua nini. Gawa sufuria moja kwenye madumu mawili, dumu moja tia leo, jingine tia kesho, onja yote mawili macho yakiwa yamefumba. Chukua daftari. Andika saa, andika nyuzi joto, andika gramu. Daftari langu la kwanza limelowa togwa na kurasa zimegandana, na ndilo ninalolitegemea kuliko kitabu chochote nilichonunua.

Mama mkubwa hakuwa na daftari. Alifariki mwaka 2016, nami nilikuwa huku. Naikumbuka kata yake, nakumbuka alivyofumba jicho moja akionja, nakumbuka uchungu wa mbege yake uliokuja nyuma ya ulimi na kuondoka taratibu. Nimetumia miaka nikipima hopsi za Yakima hadi nusu gramu, na msesewe alioutia mbele ya macho yangu sikuwahi kumuuliza alitia saa ngapi, wala kiasi gani, wala alikuwa akingoja nini alipokuwa ananyamaza.

Msikilizaji uliye Marangu, Kibosho, Machame au Rombo: kama nyumbani kwenu au kwa jirani yuko mama anayepika mbege, nenda ukakae naye siku ya kupika. Muulize msesewe hutiwa lini, uji ukiwa wa moto au umepoa, na kwa ndoo moja ni kiasi gani. Muulize anajuaje kwamba umetosha. Andika jina lake na tarehe, kisha ututumie majibu yake tuyasome hewani.